Tiketi ya Treni kwa Mtu Asiye na Kadi

Wako wenzetu wadhanio ya kuwa kukata tiketi ya treni kabla ya siku ya safari ni jambo la wenye kadi za benki. Twawaambia kwa upole kwamba sivyo. Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria wa Dodoma mwezi Julai 2024, na mtu aweza kujiwekea kiti pasipo kadi yo yote. Huingia katika mtandao wa Shirika la Reli, huchagua siku, saa na behewa, huandika jina na kitambulisho chake, kisha hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Namba hiyo huilipia kwa simu, kwa wakala, au benki.

Twausifu utaratibu huu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mwalimu wa kijijini na mwuza mahindi wameweza kulipa deni la mbali bila kupanda basi. Kadi ingaliwaacha wengi nje; simu imewaingiza ndani.

Walakini kulipa ni nusu ya kazi tu. Nusu ya kwanza, yaani kuchagua kiti mtandaoni, yataka simu yenye intaneti na mtu aijuaye. Hapa Kibaigwa jambo hili lina uzito kuliko mahali penye stesheni. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, ilipita kusini yetu kwa njia ya Kilosa na Gulwe, na reli mpya imefuata upande ule ule. Sisi tuko kando ya barabara kuu, penye soko la mahindi, pasipo stesheni. Mkulima asiye na simu ya intaneti hana budi ama kupanda basi zaidi ya kilomita 80 hadi Dodoma akanunue tiketi stesheni, ama kumwomba mtu amkatie. Mtu huyo asipokuwa mwaminifu, aweza kumtoza apendavyo. Nauli ya treni ya kawaida kati ya Dodoma na Dar es Salaam iliyotangazwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000. Atozwaye elfu tano juu yake hapewi stakabadhi ya hizo elfu tano.

Watakuwako wa kusema, "Amtume kijana wake." Je, kama kijana yuko Dar es Salaam, naye ndiye mzee amwendeaye? Tena reli hii imejengwa kwa fedha za umma na mikopo ambayo nchi nzima yailipa, akiwamo mzee huyo.

Jirani zetu wa Kenya, walioanza treni yao ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, waliweka njia ya kukata tiketi kwa kubonyeza *639# katika simu ya kawaida na kulipa kwa M-Pesa. Njia ya namna hiyo ndiyo imfaayo mkulima wa Kibaigwa. Twaomba pia miji iliyo mbali na reli ipatiwe mawakala wanaojulikana, wenye ada iliyobandikwa ukutani.

Lakini si haki kungoja wakubwa tu. Sisi watumishi tulio na simu hizo twaweza kuanza leo. Uzuri wa namba ya malipo ni huu: amkatiaye mwenziwe tiketi hana haja ya kuishika fedha yake. Na tumwonyeshe jirani nauli kwenye kioo, tuandike jina lake kama lilivyo katika kitambulisho, tumpe namba, akailipie mwenyewe kwa simu yake au kwa wakala kabla muda wake haujapita. Hapo hatadanganywa, wala sisi hatutashukiwa. Mtumishi afanyaye hivyo bila kutaka soda atakuwa ameitumikia nchi hata nje ya saa za kazi.