Chuma Kisichoshika Kutu Nacho Huchoka

Ukisimama ufukoni Makoko, mjini Musoma, huwezi kukosa kusikia ngurumo za injini za mitumbwi katika Ziwa Viktoria. Mhimili unaozungusha rafadha, au pangaboi kama wengi waiitavyo, mara nyingi hutengenezwa kwa chuma cha pua kisichoshika kutu. Jina hilo limewapotosha wengi. Kwa kuwa chuma hicho hung'aa miaka nenda miaka rudi, hudhaniwa kuwa hakidhuriki. Kwa maoni yangu dhana hiyo ni ya hatari, na mahali pa kuiondoa ni darasani na katika karakana za shule zetu.

Chuma hicho hakishiki kutu kwa sababu kina kromiamu, angalau asilimia 10.5, ambayo huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba mno usoni pake. Utando huo hukikinga na kutu, lakini haukikingi na uchovu. Uchovu wa metali ni kuvunjika kutokana na mkazo unaorudiwarudiwa, ijapokuwa mkazo huo ukitokea mara moja tu hauleti madhara yoyote. Mjerumani August Wöhler aliuchunguza kwa makini katika ekseli za reli katikati ya karne ya 19.

Na tufanye hesabu. Mhimili ulioelemewa upande mmoja ukizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila sehemu ya uso wake huvutwa na kubanwa mara 120,000 kwa saa. Kwa saa 8 za kazi ni mara 960,000, na kwa siku 11 jumla hupita milioni 10.

Sasa utie mhimili huo mkwaruzo. Mwaka 1913 Mwingereza C. E. Inglis alionyesha jinsi mkazo unavyojikusanya kwenye ncha ya tundu au ufa. Kwa makadirio, gawanya kina cha mkwaruzo kwa nusukipenyo cha ncha yake, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2, kisha ongeza 1. Mkwaruzo wa kina cha milimita 0.2, wenye ncha ya nusukipenyo cha milimita 0.05, hukuza mkazo mara 5. Ncha ikilainishwa hadi nusukipenyo cha milimita 0.8, kina kikibaki kilekile, mkazo hukua mara 2 tu. Basi ukali wa ncha una uzito sawa na kina chenyewe.

Ufa ukishaanza hapo, husonga mbele kidogo kidogo. Mhimili uliokatika kwa uchovu mara nyingi huonyesha mistari iliyopindana, mfano wa alama ambazo mawimbi huziacha mchangani. Ukiifuata mistari hiyo utafika kwenye dosari iliyoanzisha ufa.

Madhara yake si madogo. Tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la Alexander L. Kielland lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini na watu 123 wakafa. Chuma chake kilikuwa cha aina nyingine, lakini chanzo kilikuwa kilekile: ufa wa uchovu ulioanzia kwenye uchomeleaji mdogo wenye dosari.

Watakuwapo watakaosema kwamba kung'arisha uso ni anasa ya mataifa tajiri. La hasha! Kipande cha msasa ni rahisi kuliko mhimili mpya, na mhimili ni rahisi kuliko roho ya mvuvi aliyekwama ziwani upepo unapovuma. Katika karakana nyingi mwanafunzi husifiwa kwa vipimo sahihi, na uso wa kazi yake hautazamwi. Yafaa naye apewe alama kwa uso laini. Afundishwe kumalizia msasa kwa kufuata urefu wa mhimili, kwani mikwaruzo inayouzunguka ndiyo ya hatari zaidi. Asitumie brashi ya chuma cha kawaida, ambayo huacha chembe zinazoshika kutu.

Mwalimu aweza kuanza na vipande viwili vya waya, kimoja kikiwa kimekwaruzwa kwa kisu. Wanafunzi wavikunje huku na huku wakihesabu. Mhimili uliokatika nao usitupwe, uletwe darasani ukasomwe. Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Katika chuma, kazi yetu ni kuuzuia ufa usizaliwe.