Vilima vya Senti Tano

JICHO LA JUMAMOSI
Na Rehema Kibwana

Mnyama aliye kwenye bendera ya California hapatikani California. Ni dubu aina ya grizzly. Bendera ilipitishwa rasmi mwaka 1911, na dubu wa mwisho anayejulikana kuuawa jimboni humo alipigwa risasi mwaka 1922. Kwa miaka kama kumi hivi, basi, dubu alipepea juu ya majengo ya serikali huku ndugu zake wakisakwa porini kwa bunduki. Nilipomtajia hilo shemeji yangu anayeishi Fremont, mji wa jimbo hilo, aliinua mabega tu. "Shemeji, huku mnyama huheshimiwa akishaisha. Kesho vaa viatu vya maana, nikakuonyeshe waliobaki."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, na waliobaki wako kwenye hifadhi ya vilima ya Sunol, chini ya nusu saa kwa gari kutoka mlangoni kwake. Nasema kwa gari kwa sababu bila gari hufiki kirahisi, na hilo niliweke wazi mapema kabla sijaanza kusifu.

Kule mvua hunyesha majira ya baridi, na kiangazi hupita bila tone. Kwa hiyo Oktoba vilima vimekauka kabisa, nyasi zinakatika ukizikanyaga, na katikati ya ukavu huo imesimama mialoni. Upo mwaloni wa pwani, usiopukutisha majani, wenye jani gumu la vimiba pembeni. Upo mwaloni wa buluu, mfupi, mvumilivu wa kiu, ambao ukame ukizidi huangusha majani hata kabla ya msimu wake. Na upo mwaloni wa bondeni, jitu lenye matawi yanayoinama hadi karibu na ardhi. Chini ya miti hiyo kuna kichaka chenye majani matatu matatu, mekundu ya kuvutia msimu huo, wanachokiita mwaloni wa sumu ingawa si mwaloni hata kidogo. Ukikigusa utajikuna wiki nzima. Shemeji alinionya mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sisi tuliozaliwa jirani na Mikumi na Serengeti tuna ugonjwa mmoja: tukisikia "kutazama wanyama" tunatafuta tembo. Sunol hakuna tembo. Kuna kulungu wenye masikio marefu, kindi wanaochimba mashimo ardhini, na koyote, jamaa wa bweha, ambaye tulimwona mgongo tu akivuka bonde. Juu wanazunguka tai wa dhahabu. Safu ya milima ya Diablo, ambayo vilima hivi ni sehemu yake, inatajwa miongoni mwa maeneo yenye viota vingi zaidi vya tai hao. Kaskazini kidogo, Altamont, mitambo ya umeme wa upepo iliyoanza kusimikwa miaka ya 1980 imeua wengi. Umeme safi nao una damu yake.

Lakini kilichonisimamisha hakikuwa tai. Ulikuwa mwaloni wa bondeni uliokwisha kufa nusu. Gome lake, kuanzia usawa wa kifua changu hadi matawi ya juu, lilikuwa limetobolewa matundu, na karibu kila tundu limezibwa na tunda moja la mwaloni, ncha ndani, kitako nje. Nilijaribu kuchomoa moja kwa kucha. Halikutikisika. Juu yangu ukaanza ugomvi, sauti kama za watu wanaocheka kwa zamu, na nikawaona wenye mali: vigong'ota wenye kofia nyekundu, uso mweusi kwa mweupe, na jicho jeupe linalotazama kana kwamba limesikia habari mbaya.

Mti ule ni ghala la ukoo. Ghala moja linaweza kufikisha matundu 50,000, na ndege hao hutoboa machache tu kila mwaka, kwa hiyo anayeweka akiba leo anatumia kazi ya mababu. Wala kazi haiishii kwenye kutoboa. Tunda likikauka husinyaa, likisinyaa hulegea, likilegea ataliiba mwingine. Basi ndege hupita akikagua, anachomoa lililolegea na kulihamishia tundu dogo zaidi. Hivyo hivyo msimu mzima. Watafiti wa kituo cha Hastings, huko Carmel Valley, ambacho ni cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wamewafuatilia ndege hawa tangu 1968. Wamekuta kwamba madume kadhaa na majike kadhaa huzaa pamoja katika tundu moja, na watoto waliokomaa hubaki nyumbani miaka kadhaa wakilea wadogo zao. Ni ujamaa, lakini wenye visa: majike wawili wanaotagia kiota kimoja huanza kwa kutupiana mayai nje, na huacha pale tu wote wawili wanapokuwa wametaga na hakuna anayejua tena yai ni la nani. Wanasiasa wetu wa miungano wangejifunza kitu hapo, au pengine wameshajifunza.

Na mwaloni nao una hila zake. Mwaka mmoja huzaa hadi matawi yanaelemewa, mwaka mwingine karibu hauzai, na miti ya eneo kubwa hufanya hivyo kwa pamoja. Mwaka wa njaa ukija, ukoo mzima wa vigong'ota huweza kulihama ghala.

Baada ya adhuhuri tulimkuta njiani buibui wa upana wa kiganja, mwenye manyoya, akitembea polepole kama mzee anayekwenda barazani. Mwenyeji wangu alinyoosha mkono kunizuia, na familia iliyokuwa nyuma yetu, na watoto wao wawili, nayo ikasimama. Huyo ni tarantula dume. Ameishi miaka kadhaa shimoni, na msimu huu ndio wake wa kwanza na wa mwisho kutoka, kutafuta jike. Akimpata au asimpate, haumalizi mwaka mwingine. Jike hubaki ardhini na huweza kuishi zaidi ya miaka ishirini. Watu sita tulisimama tukimngoja buibui avuke, na mtoto mmoja akaniambia, kwa uzito wa mwenye nyumba, kwamba hapa yeye ndiye mwenye haki ya njia.

Si kweli kabisa. Wenye haki ya kwanza ni Waohlone, wenyeji wa asili wa vilima hivi. Kwao tunda la mwaloni lilikuwa chakula kikuu. Linachachua ulimi kwa uchungu, kwa hiyo walilitwanga, wakaosha unga wake kwa maji tena na tena hadi uchungu ukatoka, kama mtu wa Kusini anavyoloweka muhogo mchungu kabla ya kuufanya makopa. Nyasi za vilima walizichoma kwa mpangilio, moto mdogo wa msimu, ili vichaka visizidi na mbegu za chakula zipate nafasi. Mwaka 1793 gavana Mhispania José Joaquín de Arrillaga alipiga marufuku uchomaji huo. Mwaka 1797 ikajengwa misheni ya San José, katika eneo ambalo leo ni Fremont, na watu wakahamishiwa huko kubatizwa, kufanya kazi na kufa kwa maradhi mageni. Kabila la Muwekma Ohlone mpaka sasa linapigania kutambuliwa na serikali ya Marekani. Msomaji wangu wa Ngorongoro hana haja ya kuelezwa zaidi.

Sasa nifike kwenye hoja. Vilima hivi viko nyuma ya miji ambako kiwanja cha nyumba kina bei ya kutisha. Kwa nini havijajaa maghorofa? Jibu linaanzia Novemba 1934. Uchumi umeanguka, watu hawana ajira, na wapiga kura wa Oakland, Berkeley na miji jirani wanaulizwa kama wako tayari kujitoza kodi ya senti tano kwa kila dola 100 za thamani ya mali, ili mamlaka mpya, East Bay Regional Park District, itunze vilima kwa ajili ya matembezi ya wananchi. Wakakubali, na kwa kura nyingi. Leo mamlaka hiyo inashika karibu hekta 50,000, na Sunol iliongezwa baadaye. Hawakusema watalii watakuja. Walijinunulia wenyewe.

Kwetu hoja ya hifadhi imekuwa moja tu: fedha za kigeni. Tembo anahesabiwa kwa dola anazoingiza, na mnyama asiyeingiza dola hana wakili. Sibezi fedha hizo. Zinalipa mishahara ya askari wa wanyamapori. Ila hoja hiyo ina shimo, kwamba kilima kisichovutia mgeni hakina sababu ya kubaki kilima. Nani atamtetea kigong'ota wa Pugu? Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko mlangoni mwa Dar es Salaam, una ndege, vipepeo, na mapango yaliyojaa popo, na kwa miaka mingi umekuwa ukiliwa kwa mkaa na viwanja. Nairobi walau wana msitu wa Karura. Mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa akitaka kupanda mti pale, ardhi ikiwa imeshagawiwa wajenzi. Leo karani wa Nairobi anatembea humo Jumamosi na wanawe na kuona kima na mbega, na hakuna anayemuuliza pasipoti.

Nimemuuliza diwani wangu kama halmashauri inaweza kutenga fungu dogo kwa njia za miguu, vibao, na basi moja la mwisho wa wiki kwenda Pugu. Kaniambia, kwa upole wote, "Dada Rehema, wananchi wanataka barabara na soko kwanza. Mambo ya ndege ni ya watu walioshiba." Nikamweleza habari za Oakland ya 1934 na foleni zake za kugawiwa supu. Kaahidi kulipeleka kwenye kamati. Kamati inakaa mwezi ujao, na nimeshaomba kiti cha msikilizaji.