Muganga apige simu, asingoje mtoto wa pumu arudishwe usiku



Inchi yetu imejifunza kuhesabu risasi na kolera. Mtoto wa pumu hakuna anayemuhesabu. Analetwa usiku juu ya pikipiki, kifua kinapiga filimbi, mbavu zinavutwa ndani. Wanamupatia dawa, asubuhi anapumua, mama anamubeba mgongoni wanarudi nyumbani. Ku rejista wanaandika: amepona. Kisha wiki chache yuko tena mlangoni, na kila mtu anashangaa kama vile ni ugonjwa mpya.

Si mpya. Pumu haiishi siku shambulio linapoisha. Njia za hewa za mtoto zinabaki zimevimba ndani siku nyingi, na vinavyomuchokoza vinamungojea palepale: moshi wa kuni na makala, vumbi la RN5 wakati wa kiangazi, mafua ya wadogo zake. Siku zinazofuata shambulio ndizo za kuangalia sana, ndiyo maana miongozo ya kidaktari inataka mtoto aonwe tena ndani ya siku chache tu. Kwetu nani anamuona? Mama akishalipa pikipiki ya usiku, hana franka ya kurudi tena na mtoto ambaye "iko sawa". Tusimulaumu.

Kwa hiyo tunasema: kama mtoto hawezi kurudi kwa muganga, sauti ya muganga imufuate nyumbani. Kwa simu.

Wengine watacheka. Watasema telemedesini ni mambo ya Kinshasa ao ya Ulaya, vyombo vikubwa na fibre optique. Hapana. Tunachoomba ni simu ya vibonye, inite, daftari, na infirmier mmoja aliyefundishwa maswali matano. Mtoto ameamuka usiku juu ya kukohoa mara ngapi wiki hii? Pompi ya bluu mumeitumia siku ngapi? Vidonge vya siku chache mulivyopewa mumemaliza ao mulikata njiani? Anakimbia na wenzake ao anakaa pembeni? Kuna kitu kimebadilika nyumbani? Mazungumzo ya dakika kumi. Yanaweza kuonyesha mtoto anayeelekea shambulio lingine kabla usiku haujafika.

Rochester, mji wa jimbo la New York kule Marekani, walijaribu jambo hili kwa makini. Walichukua watoto 400 wenye pumu, wa miaka 3 mpaka 10. Kundi moja waliwapa dawa ya kukinga kila siku shuleni, na daktari akawafuata kwa video. Kundi lingine lilipata huduma bora ya kawaida. Matokeo yalitoka 2018: katika kundi la kwanza watoto 7 kwa 100 ndio walifika urgence ao kulazwa, katika lingine, 15 kwa 100. Na wale ni watoto wenye barabara nzuri na ambulansi! Soma vizuri lakini: video haikufanya kazi peke yake. Kulikuwa dawa mkononi. Tunalikazia juu tunawajua wanasiasa wetu, watakuja kuzindua aplikasyo, wapige picha, na pompi ya kukinga hakuna.

Pompi ya bluu, salbutamol, inafungua kifua kwa saa chache. Haiponyeshi uvimbe. Inayotuliza uvimbe ni pompi ya kukinga yenye kortizone kidogo, ya kuvutwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Zote mbili ziko ku orodha ya OMS ya dawa za lazima. OMS yenyewe inakadiria kwamba pumu iliua watu 455.000 duniani mwaka 2019, na wengi wao ni wa inchi kama zetu, fasi ambapo ugonjwa hautambuliwi na dawa hazifiki. Katiba yetu, artikulo 47, inahakikisha haki ya afya. Haikuandika "isipokuwa Fizi".

Kuna kitu kingine ambacho simu inaweza kurekebisha, nacho ni cha bure karibu. Mtoto mdogo hawezi kuvuta pompi vizuri moja kwa moja mdomoni. Dawa nyingi inagonga koo tu. Anahitaji chombo cha katikati. Mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha katika jarida la Lancet kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa nyuma kwa kipimo cha pompi na kuzibwa vizuri pale pompi inapoingia, inafanya kazi sawa na chombo cha dukani. Isipozibwa, nguvu inapunguka. Chupa hizo zimejaa ku mwambao wa ziwa letu, ni haya kuziona. Muganga aitengeneze ya kwanza mbele ya mama. Kisha kijana wa jirani mwenye simu ya kamera atume video fupi ya mtoto akivuta, muganga asahihishe.

Simu ina mipaka yake pia, tusidanganyane. Mtoto asiyeweza kumaliza sentensi, anayevuta mbavu, mwenye midomo ya buluu ao anayelegea: hapo hakuna kupiga simu na kungoja jibu. Ni pompi na njia ya hospitali, sasa hivi.

Na nyumba nyingi simu ni ya baba, na baba yuko ziwani ao machimboni. Betri inachajiwa kwa solari ya mtu. Kwa hiyo siku mtoto anatoka, infirmier aandike namba mbili: ya nyumba, na ya jirani ao ya reko wa kijiji. Apige siku ya pili, apige mwisho wa wiki, apige mwisho wa mwezi. Na aseme kwa luga ya mama huyo: Kiswahili, Kibembe, ao Kirundi kwa ndugu zetu wakimbizi wa Lusenda. Inite isitoke mfukoni mwake, juu mshahara wenyewe tunajua habari yake.

Tangu Februari 2025 Bukavu iko mikononi mwa M23, na madaktari wa watoto tuliozoea kutumiwa kwao wako ngambo ya mapigano. Simu ya infirmier wetu kwa daktari aliyebaki karibu si anasa tena.

Tunaiomba ofisi kuu ya zone ya afya ya Nundu ianze na kituo kimoja hapa Mboko, na mashirika yanayonunua dawa yaingize pompi ya kukinga katika komande inayofuata. Ninyi munaotusoma, muliza ku kituo chenu swali moja: watoto wangapi wa pumu wamelazwa tangu Januari, na wangapi wamepigiwa simu? Jibu mutuletee. Na wenye simu ya kamera, wanaosema Kibembe ao Kirundi, muende kwa reko wa kijiji chenu mumuachie namba.