Mzazi, kabla ya bei uliza siku za kupanda mlima

Likizo ya Juni inapokaribia, wazazi wa Kibondo na Kasulu huanza kuniletea fomu za afya za vijana wanaotaka kwenda kupanda milima. Wapo wanafunzi ambao shule imewaandalia ziara ya Kilimanjaro. Wapo waliomaliza chuo, wamechanga nauli na wanataka kuvuka mpaka hadi Kenya kupanda Point Lenana, kwa sababu wameona video za watu waliojifunga kwenye waya wa chuma huku chini yao ni korongo tupu. Mzazi huwa na maswali mawili: waya ule ni imara? Na mwanangu ataiweza baridi? Swali ambalo mimi ningeanza nalo huwa halijaulizwa: atalala njiani siku ngapi kabla ya kufika kileleni?

Tuanze na huo waya. Njia za namna hii zilienea sana katika milima ya Italia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari walipohitaji kuvuka majabali wakiwa na silaha na mizigo. Waya mnene hupigiliwa kwenye mwamba, na penye mteremko mkali huwekwa vipande vya chuma vya kukanyagia. Mpandaji huvaa mikanda ya kiunoni na mapajani yenye kamba fupi mbili, kila moja ikiwa na kulabu mwishoni. Akifika kwenye kigingi huhamisha kulabu moja kwanza, kisha ya pili, ili asikae hata sekunde moja bila kushikwa. Kwetu Afrika Mashariki njia ya aina hiyo ipo karibu na kilele cha Lenana, mita 4,985, kwenye Mlima Kenya. Rwenzori nako, kuelekea kilele cha Margherita chenye mita 5,109, kuna kamba na ngazi. Kilimanjaro haina waya, ila ukuta wa Barranco huwalazimu watu kutumia mikono.

Je, waya ni imara? Ukikaguliwa na kutumiwa inavyotakiwa, ndiyo. Mwenye mtoto mdogo azingatie jambo moja: zile kamba fupi zina kifaa cha kupunguza mshtuko wa kuanguka, na kwa kawaida hutengenezwa kwa mtu wa kilo 40 hadi 120. Mtoto wa kilo 30 akianguka, kifaa kinaweza kisifunguke ipasavyo na mshtuko wote ukaishia mwilini mwake. Yeye anahitaji kamba ya ziada iliyoshikwa na kiongozi.

Lakini waya unashika mwili tu, haushiki akili. Kuhamisha kulabu mbili kwa mpangilio, penye baridi na gizagiza la alfajiri, kunahitaji kichwa kilichotulia na vidole vinavyotii. Hivyo viwili ndivyo vinavyoharibika mapema mwili unapokosa oksijeni.

Hewa ya mlimani ina oksijeni asilimia 21, kama ya pwani. Kinachopungua ni mgandamizo wake, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, unapata takribani nusu ya ile ya usawa wa bahari. Mama anayejua maharage ya Kasulu atanielewa haraka: katika kambi za juu za Kilimanjaro maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, na maharage yanaweza kukaa motoni siku nzima yasiive. Ikiwa sufuria inaihisi tofauti hiyo, sembuse ubongo.

Mwili unaweza kuizoea hali hiyo, lakini kwa kupewa siku. Kanuni tunayoifuata madaktari ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya mahali ulipolala jana na utakapolala leo, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku moja. Sasa pigeni hesabu ya njia ya Marangu kwa siku tano. Usiku wa kwanza ni Mandara, takribani mita 2,700. Wa pili Horombo, takribani 3,700. Wa tatu Kibo, takribani 4,700, na usiku huohuo wanaamshwa kwenda kileleni. Kila siku ni mita 1,000, yaani mara mbili ya kanuni. Mlima Kenya nao ni hivyohivyo: kutoka kambi ya Old Moses, takribani 3,300, hadi Shipton, takribani 4,200, kuna karibu mita 900 kwa siku moja.

Hapo ndipo wazazi wengi huniambia, "Daktari, sisi ni watu wa nyanda za juu, baridi na milima tumezaliwa nayo." Baridi sawa, lakini urefu hapana. Miji yetu ya Kibondo na Kasulu haifiki hata mita 2,000. Nkungwe kule Mahale, mlima mrefu kuliko yote mkoani Kigoma, una mita 2,462. Maradhi ya mlimani kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia mita 2,500. Kwa hiyo hata kijana wetu akilala juu ya Nkungwe, bado hajaonja kinachomsubiri Horombo. Nguvu za miguu pia hazimkingi. Mchezaji wa mpira huweza kuugua mapema kuliko mzee, kwa sababu anakimbilia mbele.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu na uchovu. Mwenye dalili hizo asipande hata hatua moja zaidi mpaka zimwishe, na zikizidi ashuke. Hatari kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anapepesuka kama mlevi, anaongea yasiyoeleweka, anasinzia. Mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma yake. Akishindwa, ashushwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Ya pili ni mapafu kujaa maji: anahema akiwa amekaa, anakohoa, pengine makohozi yana povu la rangi ya waridi. Oksijeni na dawa husaidia kumshusha akiwa hai, lakini haziwi badala ya kushuka. Mtoto hatakueleza yote haya, atakataa chakula, atanuna na kutaka kulala tu. Kilimanjaro hairuhusu walio chini ya miaka 10 kwenda kileleni, nami naona huo ni mwanzo tu wa tahadhari.

Sisi wa Kigoma tuna mambo mawili ya kuangalia zaidi. La kwanza ni malaria. Kichwa kuuma na kutapika ni dalili za malaria na ni dalili za mlima. Kijana apimwe kabla ya safari, na wingi wa damu uangaliwe, maana mwenye upungufu wa damu anapanda akiwa tayari na deni la oksijeni. Akiugua huko juu, asikae hemani akimeza dawa ya malaria kwa kubahatisha. Ashuke kwanza, kisha apimwe.

La pili ni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Mwenye selimundu asipande milima hii, kwa sababu uhaba wa oksijeni unaweza kumletea maumivu makali na kuhatarisha maisha. Hata aliyerithi kinasaba kimoja tu, asiyeugua nyumbani, anaweza kuharibikiwa bandama huko juu. Kama katika ukoo yupo mwenye selimundu, mpime kijana kabla ya kulipa chochote.

Ipo dawa, asetazolamaidi, inayosaidia mwili kuzoea upesi. Iandikwe na daktari, na aliyewahi kuvimba au kubabuka kwa SP au Septrin amweleze. Dawa hiyo haifuti kanuni ya siku.

Simzuii mtoto wa mtu kupanda. Mlima ni wetu, si wa wageni peke yao, na tangu Alexander Nyirenda alipopandisha mwenge kileleni Desemba 1961 ni sehemu ya hadithi ya nchi hii. Wala sisemi haya kwa wanafunzi tu. Babu zetu Waha walikwenda Tanga kukata mkonge wakiitwa manamba, na leo kijana anaweza kwenda Moshi kutafuta kazi ya kubeba mizigo ya watalii. Mapafu yake ni yaleyale ya kijana wa ziara, tena yeye ana hadi kilo 20 mgongoni na anaona aibu kusema anaumwa. Mzazi amwambie mapema: kazi itapatikana tena, shuka.

Ninachopinga ni safari inayopunguzwa siku ili iwe nafuu. Siku ya ziada hugharimu chakula, malipo ya viongozi na ada ya hifadhi, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Kwa maoni yangu ingekuwa ya mwisho. Marangu ipandwe kwa siku sita, usiku wa ziada ukilalwa Horombo. Kama fedha hazitoshi, punguzeni viatu vipya na jaketi la kununua, kwani hivyo vinaazimwa au kukodishwa.

Fomu inapofika mezani kwako, mzazi, muulize mwandaaji maswali matatu. Watalala usiku mangapi, na katika urefu gani kila usiku? Nani anawakagua asubuhi na jioni, na ana oksijeni? Na mwanangu akiumwa, yupo kiongozi wa kushuka naye saa hiyohiyo wakati wenzake wanaendelea? Jibu la swali la tatu likiwa "atawasubiri kambini", kalamu yako iweke chini. Yangu nami nitaiweka.