NDOA ISISUBIRI MTANDAO

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), na sala na salamu zimfikie Mtume wake Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, siku hizi ni nadra kufungwa ndoa visiwani kwetu bila ya kuonekana simu ya mkononi imefungwa kwenye nguzo ya msikiti, ikirusha shughuli moja kwa moja kwa jamaa walioko Muscat, Dubai, London au Toronto. Kazi iliyokuwa ya vituo vya televisheni imekuwa ya kila mwenye simu. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia safari, wengi hawakuwa na njia nyingine ya kuhudhuria ndoa za watoto wao. Dharura ile imepita, lakini mazoea yamebaki.

Hatuandiki ili kuyaharamisha mazoea haya. Mama aliyeko ughaibuni, asiye na nauli wala likizo, akiiona siku ya mwanawe, hilo ni katika kuunga udugu, na udugu umeamrishwa kuungwa. Chombo chenyewe hakina hukumu. Hukumu iko katika matumizi yake. Suala letu ni moja tu: je, ni nini kinachomfuata mwenzake, kamera au ndoa?

Suala hili halina uzito mkubwa mjini, penye minara mingi. Uzito wake unaonekana katika visiwa vidogo na vijiji vya mbali, ambako mnara mmoja unahudumia watu wote na mawimbi yake hufika yamechoka. Mwandishi wa makala haya alihudhuria akdi katika kisiwa kidogo kando ya Pemba, ambapo baba wa bibi harusi alikuwa Muscat na alitaka kuozesha kwa sauti yake mwenyewe kupitia intaneti. Watu walikaa tangu baada ya Sala ya Alasiri. Picha iliganda, ikarudi, ikaganda tena, mpaka Magharibi ikakaribia. Hatimaye baba alianza kutamka ijabu, na sauti ikakatika kabla ya jina la binti. Bwana harusi, kwa haraka zake, akajibu kuwa amekubali. Mashahidi wakatazamana: mmoja alisema amelisikia jina, wa pili akasema hakulisikia. Imamu, Allah amlipe kheri, alikataa kuendelea na shaka. Alimpigia baba simu ya kawaida, akapewa uwakala, na akdi ikafungwa upya kwa dakika chache.

Tujiulize: lau imamu yule angenyamaza, wale wawili wangeishi katika ndoa ya namna gani? Ndoa haikamiliki ila kwa walii na mashahidi wawili waadilifu, na mashahidi hawakuwekwa kuwa pambo la kikao. Wamewekwa wasikie ijabu na kabuli kwa masikio yao, wamjue anayeoa na anayeolewa. Mafaqihi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi katika pwani yetu, wamesisitiza pia kwamba kabuli ifuate ijabu bila ya mwanya mrefu. Mtandao dhaifu hushambulia mambo yote mawili: hukata maneno, na huchelewesha jibu.

Wanazuoni wa zama zetu hawakughafilika na jambo hili. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha sita kilichofanyika Jeddah mwezi wa Machi 1990, lilijuzisha mikataba kupitia vyombo vya mawasiliano, lakini likaitoa ndoa katika ruhusa hiyo kwa sababu ya sharti la mashahidi. Wapo wanazuoni walioruhusu ndoa ya njia hiyo pale inapoondoka shaka juu ya watu na maneno yao. Lakini msomaji mwadilifu ataona kwamba hata kauli hiyo haimsaidii mtu ambaye sauti yake inafika vipande vipande.

Na kwa nini tujitie katika tatizo, hali sharia imeshatupa ufumbuzi? Umm Habiba (r.a.) alikuwa Habasha, na Mtume (s.a.w.) alikuwa Madina, bahari ikiwa baina yao. Mtume (s.a.w.) alimtuma Amru bin Umayya kwa Najashi, Umm Habiba akamwakilisha Khalid bin Said bin al-As, na ndoa ikafungwa huko huko Habasha. Najashi alitoa mahari kwa niaba ya Mtume (s.a.w.), dinari 400 katika riwaya moja na dirhamu 4,000 katika nyingine. Umbali haukuizuia ndoa ile, kwa sababu uwakala ulitangulia. Basi walii aliye mbali na amwakilishe mtu mwaminifu siku kadhaa kabla, na ni vyema ashuhudishe uwakala huo. Siku ya akdi, wakili na bwana harusi watakaa kikao kimoja mbele ya mashahidi. Mtandao ukiwepo, baba ataona. Usipokuwepo, ndoa itafungwa kwa wakati wake.

Likishatengenezwa hilo, hapana ubaya kujitahidi ili jamaa wa mbali waone, na kujitahidi kunahitaji elimu kidogo. Wengi hupima mtandao kwa kutazama video, wakiona inacheza hudhani mambo yako sawa. Kutazama ni kupokea. Kurusha ni kupeleka, na njia ya kupeleka mara nyingi ni nyembamba zaidi. Basi ipimwe njia ya kupeleka, mahali pale pale na saa ile ile, siku moja kabla. Tena, wageni mia tatu wakiingia na simu zao, wote wanagombania mnara ule ule. Waombwe wazime data kwa muda wa akdi, jambo ambalo pia litawafanya waisikilize khutba.

Aidha, sauti itangulizwe kuliko picha. Picha inayorushwa kwa kasi ya kilobiti 1,000 kwa sekunde hutumia kiasi cha megabaiti 450 kwa saa moja. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64, haifiki megabaiti 30. Mtandao usioweza kubeba picha huenda ukabeba sauti bila ya taabu. Na hata hiyo ikishindikana, shughuli irekodiwe na itumwe baadaye kutoka mahali penye mawimbi mazuri. Atakayeiona usiku hakupungukiwa na kitu katika dini yake, na dua yake kwa maharusi haina saa maalumu.

Limebaki la staha. Kinachorushwa hadharani hakirudi. Anayetaka hukinakili, na hukisambaza anakotaka. Wanawake katika ukumbi wao huvua mitandio wakijua wako wao kwa wao, kisha simu ya binti mmoja inawapeleka mbele ya wanaume wasiowajua. Kamera na ikae upande wa akdi, kiungo cha kutazamia wapewe jamaa peke yao, na upande wa wanawake uachwe bila ya kurushwa.

Enyi wazazi, maimamu na wasimamizi wa harusi! Atakapokuja kijana na kusema, "Sheikh, tungoje kidogo, mtandao unarudi," mjibuni kwa upole kwamba walii ameshawakilisha, mashahidi wamekaa, na bwana harusi yupo. Walioko mbali tunawapenda, na tutawafikishia kila tunachoweza. Ila heshima ya binti, nasaba ya watoto watakaozaliwa na urithi wao vinasimama juu ya maneno machache yanayotamkwa katika kikao kile. Maneno hayo yasiachwe yaning'inie kwenye uzi wa mawimbi.

Allah awabariki wanaooana, awakusanye katika kheri, na awaunganishe waliotawanyika. Wabillahi tawfiq.