Eti Waswahili Hawasomi



Novemba iliyopita, saa tisa alasiri na nje giza limeshaingia kama kawaida ya Stockholm, nilikuwa nimekaa maktaba ya KTH nafungua ukurasa wa mauzo kwa mara ya nne siku hiyo. Nakala 19. Kitabu kiko sokoni miezi saba, nakala 19, na kati ya walionunua nawajua kwa majina watu 8 walionunua kwa kunihurumia tu. Wengi wenu mnasoma ukurasa huu sasa hivi. Asanteni.

Kitabu chenyewe ni kitabu pepe cha kurasa 112, kwa Kiswahili, kinachofundisha namna ya kupima na kufunga umeme wa jua wa nyumbani: paneli, betri, unene wa waya, basi. Nilikiandika usiku kwa miaka miwili, mchana nikihangaika na utafiti wangu. Nikalipa mchoraji wa jalada, nikakiweka kwenye duka moja kubwa la mtandaoni, nikakaa kusubiri.

Nilipolalamika kwenye mkutano wa jumuiya yetu, jibu lilikuja haraka: "Achana nao kaka, Waswahili hawasomi. Ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kitabuni." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Leo naomba niukatae utani ule, maana uliniliwaza wiki tatu nzima, na katika wiki hizo tatu sikufanya lolote.

Kwanza si kweli. Waulizeni wazee wenu kuhusu Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, vitabu vilivyopita mkono hadi mkono mpaka majalada yakadondoka. Mtobwa hakuishia kuandika, alianzisha na kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Mimi mwenyewe nimekua nikiona hadithi za Eric Shigongo zikitoka gazetini kipande kipande, gazeti moja likisomwa na nyumba nzima, na ikifika "itaendelea" watu wananuna. Hao ndio wasiosoma?

Pili, na hapa nasema kama fundi. Fundi akiitwa kwenye nyumba ambayo taa haiwaki, hasemi kwamba nyumba hii haipendi mwanga. Anatoa mita. Anaanza kwenye betri, anafuata waya, anapima kila kiungo mpaka afike pale umeme unapopotelea. Mimi nimesoma miaka yote hii na sikuwa nimepima kiungo hata kimoja.

Basi nikampigia dada yangu Morogoro, nikamwambia, naomba ununue kitabu changu kama mtu usiyenijua, usiniulize kitu, mimi nitasikiliza tu.

Akaandika "kitabu cha kufunga sola". Hakuna kitu. Bila shaka, kwa sababu mimi kitabu changu nilikiita Usanifu wa Mifumo ya Nishati ya Fotovoltaiki. Jamani! Nani Morogoro anatafuta fotovoltaiki? Duka la vifaa limeandikwa SOLA kwa rangi nyekundu, fundi anaitwa fundi sola, na mimi nikaandika kama vile msimamizi wangu wa utafiti ndiye mteja.

Nikamtumia kiungo. Akauliza mbona kimeandikwa ni kitabu cha Kiingereza. Pale nilipopakia, Kiswahili hakikuwemo kwenye orodha ya lugha za kuchagua, kwa hiyo nilibonyeza Kiingereza ili mambo yaende. Ndiyo maana mnunuzi mmoja alinipa nyota moja na kurudisha kitabu. Nilimchukia sana mtu yule, kumbe masikini alidanganywa.

Kisha bei. Dola 9.99. Akapiga hesabu kimya, halafu: "Zaidi ya elfu ishirini? Kwani kinakuja na paneli yake?" Bei ile niliipanga nikiwa Kista, baada ya kununua chakula cha mchana. Sweden ilishusha kodi ya vitabu pepe kutoka asilimia 25 hadi 6 tangu tarehe 1 Julai 2019, nami nilijiona nimebahatika kweli kweli. Kwa msomaji wa Morogoro hiyo ni habari ya mbali.

Mwisho, kadi ya benki. Hapo safari ikaishia. Dada yangu ana hela, lakini hela yake iko kwenye simu.

Nawaomba wale mliofika hapa kwa masomo mkumbuke mwezi wenu wa kwanza. Huna namba ya utambulisho, kwa hiyo huna akaunti ya benki, kwa hiyo huna Swish. Basi la mjini halipokei noti. Umesimama na kronor zako mfukoni kama mtu aliyebeba mawe. Je, kuna aliyesema Waafrika hawapendi kupanda basi? Halafu sisi ndio tunatoka kwenye M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, wakati Waswidi wenyewe walipata Swish mwaka 2012. Tulitangulia kwenye jambo hili, na bado nikajenga duka ambalo mtu wa kwetu hawezi kulipa ndani yake.

Desemba nzima nilikibomoa kitabu. Sasa ni vijitabu sita, kila kimoja kinajibu swali moja, kama betri ya ukubwa gani kwa taa nne na televisheni. Herufi zinajipanga zenyewe kwenye kioo cha simu. Kila kimoja ni shilingi 2,000, unalipa kwa simu, dada anakutumia faili kwa WhatsApp na anakata asilimia yake. Jalada jipya lina neno SOLA. Lile la zamani lilikuwa na paneli juu ya paa lenye theluji, nami niliona ni zuri!

Tangu Januari hadi mwisho wa Machi zimetoka nakala 163. Msinipongeze, hela hiyo haijarudisha hata ya mchoraji. Na najua faili zinasambazwa bure kwenye magrupu. Mwanzoni iliniuma, siku hizi nimeweka namba ya malipo ukurasa wa mwisho, na wapo wanaolipa baada ya kusoma. Wengine hawalipi. Hata yale magazeti ya hadithi aliyenunua alikuwa mmoja.

Ninachowaomba wenzangu mnaotengeneza kozi, programu za simu na vitabu kwa ajili ya nyumbani: kabla hujasema hawasomi au hawanunui, mwombe mtu mmoja wa kule anunue ukiwa unamsikiliza. Nusu saa inatosha, na aibu yake inavumilika.

Yangu mimi ilikuwa bado haijaisha. Februari alinitumia ujumbe wa sauti fundi mmoja wa Morogoro, mtu mzima, aliyenunua kijitabu cha pili asubuhi na cha tatu jioni. "Mdogo wangu injinia, kazi nzuri, nimejifunza hesabu ya waya. Ila huku kwetu paneli umeielekeza kusini na kuiinamisha nyuzi 40. Kwani unafunga Ulaya?"

Ni kweli. Jedwali lile nililichukua kwenye daftari langu la maabara ya hapa Stockholm, nyuzi 59 kaskazini ya ikweta, ambako jua unalitafuta kusini na karibu na upeo. Morogoro iko kama nyuzi 7 kusini. Paneli inatakiwa itazame kaskazini, mwinamo kidogo tu, 10 hadi 15, mvua iweze kuosha vumbi. Mtu akifuata ukurasa wangu, kuanzia Mei hadi Agosti betri yake inalala na njaa.

Kosa hilo lilikuwemo tangu toleo la kwanza, ukurasa wa 41. Nakala 8 za huruma ziko hapa Stockholm tangu Aprili mwaka jana, nyingine mikononi mwa wahandisi wenzangu, na hakuna aliyeniambia.

Toleo lililosahihishwa limeshatumwa bure kwa wote walionunua. Na nyinyi 8, angalieni barua pepe zenu.