Dada zetu, tusipeleke tena saruji Korogwe

Wengi wenu mmetuuliza kama ile safari ya kujitolea bara itakuwepo tena likizo hii. Ipo, inshaallah. Lakini kabla hamjatoa michango tunataka kusema jambo, kwa sababu mara iliyopita tulikosea, na kosa lilikuwa letu wenyewe.

Mnakumbuka tulikwenda kusaidia jengo la zamani la skuli ya msingi, lililokuwa la misheni, upande wa Korogwe unapoelekea Handeni. Kuta zake ni za mawe na udongo, nene, zimepakwa chokaa. Tulipanda boti mpaka Tanga, basi likatupitisha Muheza na Segera, na saruji tukaikuta Korogwe mjini tumeshailipia. Siku nne tulichota maji, tukakoroga, tukapiga lipu, tukapaka rangi. Watoto wakatuimbia. Picha mliziona, tulipendeza.

Baada ya masika mwalimu mkuu akatutumia picha nyengine. Lipu yetu imebanduka vipande vipande, na imeondoka na uso wa ukuta wa kale.

Fundi mmoja mzee wa kule alitueleza bila ya kutucheka sana. Ukuta wa namna ile hunywa maji na kuyatoa. Unyevu hupanda kutoka ardhini, mvua hupiga, kisha jua likiwaka maji hutokea kwenye chokaa. Saruji inaziba. Maji yakikosa pa kutokea hubaki ndani, udongo unalainika, na lipu ngumu inaanguka na kila kilichoshikamana nayo. Nia yetu Mungu anaijua, lakini ukuta haujui nia. Aibu zaidi ni kwamba sisi tumekulia Mji Mkongwe, ambako mabibi na mababu walichoma mawe ya matumbawe, wakaizima chokaa na kuiacha ikae kabla ya kuitumia. Na sote tunaikumbuka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib ilipoanguka ikiwa kwenye matengenezo na watu wawili wakafariki. Majengo ya kale hayataki pupa.

Wapo waliotuuliza: wanawake wa Kiislamu wanahangaikia nini jengo la misheni? Swali la haki. Skuli zile zilichukuliwa na serikali baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, na leo wanaokaa madarasani ni watoto wa kila dini. Darasa tuliloliharibu lilikuwa na wasichana wa hijabu safu nzima ya mbele.

Tena baina yetu na watu wa kule kuna mambo ya zamani. Njaa ya miaka ya 1830 iliwasukuma Wazigua pwani, wengi wakauzwa utumwani, wengine wakafika hadi Mto Juba, Somalia. Baadhi ya wajukuu wao walikimbia vita huko, wakarudi nchi ya wazee wao, na tangu 2003 wanaishi Chogo, Handeni. Na hapa hapa Unguja, wasichana waliokombolewa utumwani walisomeshwa Mbweni, katika skuli ya St Mary's ya misheni ya UMCA, iliyoongozwa miaka mingi na Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877. Misheni hiyo hiyo ndiyo iliyofika Magila, Korogwe na Kideleko. Jengo la Mbweni leo halina paa, ni magofu ndani ya bustani ya hoteli. Tumekwenda pale mara ngapi kupigia picha za harusi? Ni pazuri, hatukatai. Lakini hapana mtoto anayesoma pale.

Ndiyo maana tunasema skuli ya kale iokolewe ingali skuli. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huyalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863 tu. UMCA ilifika Zanzibar 1864, hesabuni wenyewe. Bila ya tamko la waziri, jengo kama lile linaweza kubomolewa wakati wowote, na hatumlaumu mwalimu anayetamani kulibomoa. Tangu mpango wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016 watoto wamejaa, naye anataka madarasa. Atalibakisha likiwa kavu na salama kusomea. Historia peke yake haitomshawishi, na sisi tungekuwa yeye isingetushawishi pia.

Kwa hiyo safari hii fedha zinaanza juu: bati zilizotoboka, halafu gata na mtaro wa kuyapeleka maji mbali na msingi. Baadaye ndiyo chokaa, ambayo itatangulia wiki kadhaa ili izimwe na ikae. Fundi mzee na vijana wake watalipwa ujira wao kamili, sisi tutakuwa vibarua wao. Dada mmoja miongoni mwetu bado anaona bora tungejenga darasa jipya, tumebishana naye sana, na anakuja vile vile.

Picha za watoto hatupigi. Anayetaka kwenda aje na kanga mbili za kuchafua, glavu za mpira, na kitambaa cha kufunika pua, maana chokaa inaunguza.